Kwa Miguu Mpaka Sib

Mimi nikikatazwa jambo ndipo ninapolitaka zaidi. Mama analijua hilo tangu utoto wangu, kwa hiyo nilishangaa aliponikataza kwenda na baiskeli.

Tuseme kweli, baiskeli yenyewe hakuikataza. Alikwisha kuizoea. Kila Ijumaa asubuhi aliniona nikitoka nyumbani kwetu Hail, huku Omani, na kofia ngumu juu ya mtandio, akacheka, akasema nimefanana na muuza mikate wa Unguja. Alichokataza ni safari moja tu: msafara wa baiskeli kutoka Ruwi mpaka ufukwe wa Sib, wa kuchangia visima vya vijijini Malawi. Wenzangu wa kazini na jamaa walikuwa wameshaniahidi kwamba nikifika Sib watatoa. Ndivyo ulivyopangwa msafara, asiyefika hachangiwi.

"Wataka kusaidia, saidia," Mama alisema. "Lakini hiyo ya Malawi waachie wengine."

"Malawi wamekukosea nini, Mama?"

"Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi," akajibu, akarudi kwenye ungo wake wa mchele.

Nilikasirika. Nilidhani ni kile kiburi chetu sisi Waomani wa Unguja: tumerudi huku, tumejenga majumba, basi tukisikia Afrika na umasikini tunatazama pembeni. Nikamwambia hivyo hivyo, wala sikupunguza neno. Siku ya pili yake, alasiri, nikiwa uani natia upepo matairi, akaja na kiti chake akakaa karibu yangu.

"Bibi yangu alikuwa Mnyasa," alisema. "Huko huko kwenye visima vyako. Alikamatwa mtoto, akaletwa pwani kwa miguu, kafungwa kamba na wenziwe. Babu akamnunua, akamfanya suria, akamzalia baba yangu. Nlipokuwa mdogo, mimi ndiye nlokuwa nikimkanda miguu usiku. Ikimuuma mpaka uzeeni. Nnakwambia wewe tu."

Kwetu nasaba huhesabiwa kwa baba. Mimi naweza kukutajia babu na baba yake na babu yake, mpaka kijiji walichotoka nyuma ya milima. Bibi hata mmoja sikufundishwa.

"Kwa nini hukuniambia miaka yote hii?"

"Ningekwambia, ungeolewa na nani?"

Nilijua nyumba ambazo posa zimerudishwa kwa maneno madogo kuliko hayo.

"Na ukenda," akaendelea, "watu watauliza kwa nini hasa Malawi."

"Wacha waulize. Nitakwenda, na nitafika."

Tulitoka Ruwi jua likichomoza. Kile kilima cha kutokea mjini kilinichoma mapaja, na wanaume wa rika la wanangu walinipita wakizungumza kana kwamba wako barazani. Sikujali. Sikutaka kuwa wa kwanza, nilitaka kufika. Nilikuwa nimeshaingia Hail, karibu kabisa na kwetu, cheni ilipokatika.

Gari la kuokota walioshindwa lilikuwa nyuma yangu. Akashuka dada mmoja wa Mbeya, mfanyakazi wa hoteli, aliyejitolea siku ile kugawa maji. Akaishika cheni, akatikisa kichwa.

"Pole sana, dada. Hii imekufa na hatuna nyingine. Panda tu tukupeleke Sib. Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

"Na hivyo viatu?"

Viatu vyangu vilikuwa vya baiskeli, nyayo zake ngumu kama ubao. Nikamshukuru, nikachukua maji, nikaanza kuisukuma baiskeli. Gari lilinifuata polepole kwa muda, kisha likaenda kuwatazama wengine. Kisigino kilianza kuwaka kabla sijaimaliza Hail. Nilimfikiria yule bibi ambaye hata jina lake la kwao hakuna aliyenitajia, nikaona haya kulalamika. Nilikuwa na maji mkononi, na kwangu palikuwa karibu kama ningetaka kugeuka.

Nilipofika Sib mahema yalikuwa yanakunjwa. Wanawake wa mtaani kwetu walioleta chakula walikuwa wanafunga vyombo. Na Mama alikuwapo. Hakuniambia kama atakuja. Amekaa kwenye kiti chake cha uani, mchangani, ananingoja.

Mzee aliyekuwa akipokea wanaofika alitazama baiskeli, akatazama miguu yangu, akaniuliza kwa Kiarabu kwa nini sikupanda gari.

Mama akamjibu kabla yangu, kwa Kiarabu hicho hicho, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye vyombo.

"Bibi yangu ametoka Malawi. Naye alikwenda kwa miguu."

Wanawake waliacha walichokuwa wakifunga, wakamtazama. Mama hakuwageukia. Alinivuta nikae chini, akanivua kiatu, akauweka mguu wangu mapajani mwake, akaanza kuukanda.