Siku Mbuvi Alipotangaza Mechi ya Nyota

Mbuvi alizaliwa na mdomo. Mama yake mzazi alikuwa akiapa kwamba mtoto yule alianza kupiga kelele kabla mkunga hajamgusa. Alipofika darasa la sita huko Mwingi alikuwa akitangaza mechi za shule kwa faneli ya kumiminia mafuta ya taa, na watu wakaacha kutazama mpira wakamtazama yeye. Alipokuwa na umri wa miaka thelathini na kitu alishakuwa redioni Nairobi, Jumamosi na Jumapili, na mabibi wa Ukambani wasiojua hata timu ina wachezaji wangapi walikuwa wakimsikiliza huku wakichambua maharagwe.

Siri yake, tusifichane, ilikuwa kuongeza chumvi. Mpira ukipita mita tano nje ya goli, kwa Mbuvi umeng'oa rangi ya mwamba. Kipa akipiga chafya, kwa Mbuvi ameokoa taifa. Nani angembishia? Msikilizaji yuko Kitui na redio yake, uwanja uko Nairobi.

Halafu mwaka 2014 mkewe Miriam, ambaye ni muuguzi, akapata kazi Sydney, wakahamia kitongoji cha St Marys. Mbuvi naye akapata kazi ya ghala. Kazi yenyewe ni ya kuvaa spika masikioni, na mashine ndiyo inayokupa amri: nenda mstari wa kumi na saba, chukua katoni tatu. Wewe unaijibu kwa namba, kwa Kiingereza, basi. Siku ya kwanza Mbuvi alijaribu kuisalimia, ikamwambia arudie. Miaka saba, jamani! Mtu aliyekuwa akilisha nchi nzima maneno, sasa kutwa anasema "tatu" na "tayari". Ilipokuja korona akafungwa mdomo kwa barakoa juu yake. Miriam akawa anamsikia bafuni akitangaza maji ya bomba. Wenzake wa ghalani walimcheka, naye alicheka nao, lakini ilimuuma sana.

Sasa kulikuwa na binti mmoja Mkongo, Ketsia, mzaliwa wa Uvira, aliyeanzisha redio ya mtandaoni mwaka 2021 tulipofungiwa majumbani, ili Waswahili wa Sydney wapate habari za chanjo kwa lugha wanayoielewa. Habari za chanjo zilipochosha, zikaingia salamu, nyimbo na mipira. Februari 2022 Mbuvi akampigia simu kuomba atangaze fainali ya Kombe la Afrika, Senegali na Misri.

"Papa Mbuvi, ile nilishamupa Blaise," Ketsia akasema.

"Blaise! Yule hupumua kwenye maikrofoni kama mtu anayepanda ngazi na gunia!"

"Anapumua, lakini aliomba wa kwanza." Kisha akaongeza: "Asubuhi ileile ya Jumatatu kuko mechi ingine. Ya Wamarekani, ile ya mpira kama yai. Wanaiita Pro Bowl. Wanachagua nyota wa ligi yote, wanawagawa pande mbili, wanacheza. Vijana wetu wanaupenda ule mchezo, lakini wazazi hawaelewi kitu. Uwaelezee kwa Kiswahili. Kama mechi inaisha na watu hamsini wangali wanakusikiliza, kila Jumatatu asubuhi inakuwa yako."

"Na wakiwa arobaini na tisa?"

"Basi, utaendelea na katoni zako."

Simba akikosa nyama hula nyasi. Mbuvi akakubali. Kwa wiki mbili akawa anatazama mechi za ligi ile, akaona mijitu mizima inavyogongana vichwa kama mabeberu, mmoja anabebwa kwa machela, mwingine anasimama hajui yuko mji gani. Akanunua daftari, akalijaza maneno ya vita: vifaru, mizinga, ngome, mateka. Alijiambia kwamba kama wachezaji wa kawaida wanaumizana hivi, siku wakikutana nyota watupu itakuwa kiama. Hakumuuliza mtu. Angeuliza, kijana yeyote wa St Marys angemwambia kwamba mechi ya nyota si ya ligi. Ni ya kufurahisha watu tu, na hakuna nyota anayetaka kuvunjwa mguu kwenye mechi isiyo na pointi.

Jumatatu saa moja asubuhi akajifungia gerejini, televisheni juu ya kreti ya maziwa, maikrofoni mkononi. Ketsia alikuwa ameshawatangazia watu utaratibu: washa televisheni yako, zima sauti yake, sikiliza ya Mbuvi. Kwenye skrini ya simu kulikuwa na hesabu ya wasikilizaji. Walikuwa tisa. Kati ya hao mmoja alikuwa Ketsia, mmoja Miriam aliyekuwa kwenye treni akitoka shifti ya usiku, na mmoja Mbuvi mwenyewe, kwa simu yake ya pili. Waafrika wengine wote wa Sydney walikuwa kwa Blaise na fainali yao.

Mbuvi hakujali. Akavuta pumzi, akafungua bomba. "Naaam! Las Vegas inatetemeka! Vifaru vimejipanga! Mrushaji anaupokea mpira, anavamiwa, ametwangwa! Amezikwa! Watu saba juu yake, lo, sijui kama ataamka huyu, mama yake kama unasikiliza, kaa chini kwanza!"

Akaendelea hivyo nusu saa nzima, bila huruma. Wasikilizaji wakafika kumi na mbili. Ndipo simu ya kipindi ikalia, na kwa kuwa kule simu huingia hewani moja kwa moja, wote kumi na wawili wakasikia sauti ya mama mtu mzima mwenye lafudhi ya Kikongo.

"Allô? Ni Mama Emérance, wa Cabramatta. Papa, uko nadanganya watu."

"Karibu, mama. Vipi tena?"

"Niko naona hapa ku televizyo yangu. Huyu unasema wamemuzika, amesimama, anacheka. Hawa batu banakumbatiana! Vita iko wapi?"

Mbuvi akaitazama televisheni, safari hii akaitazama kweli. Lo! Jitu la kilo mia na arobaini lilikuwa limemkumbatia mrushaji kwa upole, linampigapiga mgongoni, refa ameshapuliza filimbi, wote wawili wanacheka. Hakuna aliyeangushwa tangu asubuhi. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mbuvi ilikuwa imeishia Cabramatta. Maisha yake yote alikuwa ametangazia watu wasioona. Hawa walikuwa wanaona, wote, kila mmoja kwenye sebule yake.

Akanyamaza. Mtangazaji kunyamaza hewani ni sawa na mpishi kulala jikoni moto ukiwaka. Sekunde tano zikapita, kumi. Wasikilizaji wakashuka hadi kumi. Jasho likamtoka, na akawaza kwamba Ketsia yuko kwake anatikisa kichwa.

"Mama Emérance," akasema mwishowe, kwa sauti yake ya kawaida, ile ya nyumbani. "Uko sahihi. Nimeongeza chumvi. Nisameheni. Basi mama, nisaidie. Wewe unaona wanafanya nini hapo?"

"Mimi? Naona wale wanataka kupita, na hawa wanawazuia. Lakini hawazuii na roho mbaya. Wanasukuma kidogo, wanacheka, kisha wanaacha."

Mbuvi akakodoa macho. Ukuta wa wanaume wamepanga mabega, wanasukuma huku wanacheka, mwisho wanamwachia mtu apite. Mbona alishayaona haya? Akakumbuka asubuhi ya harusi yake, kwa kina Miriam, shangazi kumi na wawili wamepanga mabega langoni, kanga viunoni, wanawasukuma wajomba zake na kuwaambia warudi walikotoka kwa sababu nyimbo zao ni mbovu.

"Mama! Hii si vita!" akapiga kelele. "Hii ni harusi! Wamekuja kuchukua bibi harusi, na shangazi wamefunga lango!"

Kule Cabramatta Mama Emérance akaangua kicheko, na ndipo mchezo ule ukafunguka. Mbuvi akalitupa daftari la vifaru, akaanza upya. Wanapewa majaribio manne kusogea yadi kumi, akaeleza. Ni sawa na upande wa bwana harusi kupewa nyimbo nne kufika mlangoni kutoka getini. Wakishindwa, wimbo unahamia kwa wenzao. Yule mrushaji ni mshenga, ndiye anayejua apitishe maneno kwa nani. Wale wanene wa mbele ni wajomba waliokuja kwa ajili ya pilau. Refa mwenye mistari ni yule mzee wa kamati anayetaka watu wawahi kanisani.

"Jaribio la tatu! Mshenga anatazama kushoto, shangazi mkubwa anamwona, anamfuata, ametanua mikono, 'Huingii hapa, mwanangu, hata kiatu hukupiga rangi!' Anampa mjomba. Mjomba anasukumwa, anasukumwa, basi, wamemwonea huruma. Yadi nane. Wakwe hawa wana moyo!"

Simu zikaanza. Dereva wa teksi kutoka Tanga, aliyekuwa ameegesha gari kituo cha mjini, akasema kwao mlango hufunguliwa kwa udi na maneno matamu, na mshenga huyu hana hata kimoja. Mama mmoja Mrundi aitwaye Ninahazwe akabishana na dereva juu ya nani aimbe kwanza, na hakuna aliyekata simu. Fainali ya Afrika ilipokwisha kwa penalti na Senegali kuchukua kombe, watu hawakutaka kulala wala kwenda kazini, wakamfuata Mbuvi. Ishirini na nane. Arobaini na moja. Hata Blaise akaingia, wakamsikia akipumua.

Zikiwa zimebaki kama dakika tano, Mama Emérance akapiga tena. Mara hii hakucheka.

"Papa Mbuvi, binti yangu Concilie aliolewa mwezi wa tisa, ule mwaka wa kufungiwa. Serikali ilisema wageni watano. Watano! Mukwe wangu Fidèle alifika, geti iko wazi, hakuna shangazi, hakuna wimbo. Aliingia kama mutu wa kuleta pizza. Nikamupa mutoto wangu hivihivi tu, na kamba ya barakoa inanikata masikio." Sauti ikamkatika. "Tangu siku ile roho haijatulia. Naona kama hakuolewa."

Mbuvi akaitupia jicho ile hesabu ya wasikilizaji. Alijua yuko karibu na hamsini zake. Alijua pia kwamba mtangazaji mwenye akili angesema pole mama, na kurudi mpirani. Akili hiyo hakuwa nayo, na tumshukuru Mungu.

"Mama Emérance, usikate simu. Kama uko na kitenge karibu, funga kiunoni. Mama wote mnaonisikia, Blacktown, Fairfield, mjini, simameni mbele ya televisheni zenu. Nyinyi ndio shangazi wa Concilie. Fidèle anakuja."

Kwenye televisheni upande mmoja ukajipanga.

"Wimbo wa kwanza! Fidèle yuko nyuma ya wajomba, suti mpya, jasho tele. Shangazi wanasema hapana! Wimbo wa pili! Wamesogea, wamefika kwenye ua la waridi. Shangazi wa Cabramatta anauliza, 'Utamtunza?' Anasema nitamtunza! 'Hatusikii!' Nitamtunza! Wimbo wa tatu! Mshenga ameurusha, mpira uko juu, uko juu, Fidèle ameudaka! Anakimbia! Shangazi wa kwanza anamgusa bega, anamwachia! Wa pili anamkumbatia, anamwachia! Wa tatu analia, huyo ni mama mkwe, jamani, huyo ni Mama Emérance mwenyewe, anamshika mkono, anamwonyesha njia! Kumi! Tano! Ameingia! Ameingia nyumbaaani!"

Vigelegele vikapasuka. Vilianzia Cabramatta, vikaitikiwa na Ninahazwe, na dereva wa Tanga akapiga honi katikati ya mji, na mwishowe kigelegele kikali kikatoka upande wa pili wa mlango wa gereji, ambako Miriam alikuwa amesimama na sare yake ya kazi, mkoba begani, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Mama Emérance alisikika akilia na kucheka kwa pamoja, akilitaja jina la binti yake tena na tena.

Mbuvi akazima maikrofoni, akaketi juu ya ndoo ya rangi. Alipoinua macho, mechi ilikuwa imeshaisha, kwenye televisheni kulikuwa na tangazo la magodoro. Simu ikaita. Ketsia.

"Papa Mbuvi, umemaliza mechi bila kutaja matokeo."

Miaka kumi na mitano ya redio, na kosa hilo hajawahi kulifanya. Kosa la mwanafunzi! "Ketsia, mwanangu, nisamehe. Sijui hata nani ameshinda."

"Hakuna mutu ameuliza," Ketsia akasema, na sauti yake ilikuwa nzito kama ya mtu aliyetoka kulia. "Wako watu tisini na sita hewani na wanakataa kutoka. Jumatatu ni zako, zote. Sasa rudi haraka, wanataka kujua bibi harusi alivaa nini."