Kuku Tuliyemla Jinja

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia Bariadi na malori yao, mume wangu alipata kazi ya kuwanunulia vijijini, kuanzia kwetu Ngulyati hadi Kasoli. Zamani tulipeleka pamba ushirika na kusubiri malipo mpaka tukasahau kama tulilima. Sasa fedha ilikuja papo hapo kwenye mizani, na mume wangu akaanza kuvaa kofia. Msimu ulipoisha akaniambia twende Uganda, tukatembee tu. Kwetu mtu husafiri kwa msiba, kwa mnada au kwa matibabu. Mtu mzima na mkewe kufunga safari kwenda nchi za watu kutazama maji, majirani walicheka mpaka wakakaa chini.

Mimi sikucheka. Tangu niolewe nilikuwa nakamua ng'ombe asubuhi na jioni, na sikuwahi kulala mbali na zizi lile isipokuwa nilipokwenda kujifungua. Nilikuwa pia mwanamke mwenye kiburi cha ndoa, niseme wazi. Mama yangu aliishi na wake wenza wawili, na nililijua chozi lake. Nilipoposwa nilitoa sharti moja tu: tufunge ndoa kanisani, na zizi lisije likatoa mahari ya mwanamke mwingine. Alikubali mbele ya padri na mbele ya wajomba zangu.

Basi tukaondoka, ng'ombe tukamwachia mama mkwe. Tulivuka mpaka Sirari, tukalala Kisumu. Pale, mbele za watu, mume wangu alininyofolea nyama ya shavu la samaki akaniwekea kwenye ugali wangu. Mwanamume wa Kisukuma! Nilitazama huku na huku kuona kama kuna mtu wa kwetu wa kunishuhudia.

Jinja tuliona mahali Mto Naili unapotoka ziwani. Kulikuwa na jiwe lenye maandishi kwamba mzungu fulani ndiye aliyegundua chanzo hicho. Nilimwuliza mwenye mtumbwi aliyetutembeza, je, huyo mzungu alipofika aliwakuta babu zake wakinywa maji ya wapi. Mume wangu alicheka akanishika bega, akamwambia yule mwenye mtumbwi kwamba mke wake angesoma angekuwa wakili. Kwenye maporomoko vijana walijitupa majini wamekumbatia madumu, watalii wakawarushia sarafu. Sisi tulipitishwa kwa mtumbwi pembeni, palipokuwa na mawimbi madogo, na hata hapo nilimwita marehemu bibi yangu kwa Kisukuma. Nikashuka nimelowa, natetemeka, nataka tena. Nilikula senene wa kukaanga nikawabeba wengine kwenye mfuko wa nguo.

Jambo moja sikulitilia maanani. Mume wangu alikuwa akienda posta kupiga simu Bariadi, kwenye ofisi ya tajiri wake. Mara ya kwanza alirudi uso umemwanguka, akasema tajiri analalamika pamba ni chafu. Akashauri tusirudi kwanza, twende tukaone mlima mkubwa ulioko upande wa mashariki. Tukaenda. Nilipanda njia ya matope kwenye maporomoko ya mlima ule nikiwa na viatu vya mtumba vilivyonizidi, yeye akinivuta mkono, na kule juu nikamwambia kwamba nikifa leo sina deni na Mungu.

Tuliporudi Jinja akaenda tena posta. Safari hii alirudi anatabasamu peke yake njiani. Akaagiza kuku mzima, wa kupikwa ndani ya jani la mgomba na rojo la karanga, wanavyopika wenyeji kwenye sherehe zao. Nikamwuliza tunasherehekea nini. Akasema anasherehekea mke. Nikavaa kilemba cha ukoka na nikakiona kinanikaa vizuri.

Nyumbani tulifika mchana. Nilimpigia goti mama mkwe nikamsalimu, "Mwadila, mayu." Akaitika huku anatazama chungu chake. Nikampa senene, akawapokea bila kuuliza habari za safari, naye ni mtu wa kuuliza hata bei ya chumvi.

Jioni ng'ombe wakarudi kutoka machungani, nami nikachukua kibuyu nikaenda kukamua. Zizi lilikuwa na nafasi. Nikatazama waliobaki: madume ya kulimia, yule kikongwe, yule mwenye chongo, yule aliyekatika mkia. Mitamba wote hawakuwepo, na ng'ombe wangu wa maziwa hayupo. Mwizi hachagui hivyo, hana muda. Mnunuzi wa mnadani angeanza na madume. Nilikuwa binti wakati wajomba zangu walipokwenda kukagua mahari yangu, na waliporudi walisimulia jinsi walivyokataa ng'ombe wenye chongo na wenye mikia iliyokatika. Nilikuwa natazama ng'ombe waliokataliwa na wakwe.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi. Nikamwuliza ni binti wa wapi. Akasema wa Kasoli, baba yake ni mkulima aliyekuwa akimpimia pamba. Hakukana hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko kama angekana. Kumbe kwenye simu ya kwanza aliambiwa kwamba wakaguzi wa mahari wamekataa ng'ombe wengine, wanataka wabadilishiwe. Ndiyo maana nikapelekwa mlimani. Kwenye ya pili aliambiwa kwamba wamekubali na ng'ombe wameshaondoka.

"Kwa nini ulinipeleka kote kule?" nilimwuliza.

"Nilitaka ufurahi kwanza, mama."

Aliyasema kwa upole, na naamini alimaanisha. Nilikaa na kibuyu kitupu mapajani, na kitu kilichonijia hakikuwa yule binti wala yule padri. Kilikuwa ni yule kuku. Nilikuwa nimemsifu mpishi. Nililamba rojo kwenye jani, nikamwekea mume wangu paja, yeye akanirudishia, tukacheka. Wakati huohuo ng'ombe wangu walikuwa wanaingia kwenye zizi la Kasoli, na wanawake wa kule wanapiga vigelegele. Kwao walikula karamu ya posa, na mimi niliila Jinja, kwa mikono yangu miwili.