Ncha ya Pili ya Shuka

Kwa miaka ishirini na miwili walisimama wawili, yeye ncha hii ya shuka, mkewe ncha ile. Walikuwa wakunjaji katika kiwanda cha dobi, chumba cha mwisho, kwenye meza ndefu ya mbao na dirisha moja. Mashuka ya hospitali, mashuka ya hoteli, yote yalipita mikononi mwao. Watu walimwita Mzee Mashuka. Mkewe alikuwa Bi Mashuka, naye hakukubali kuitwa kwa jina la mumewe. "Mwenye mashuka ni mimi," alisema. "Huyo mpambe wangu tu."

Bi Mashuka alifariki. Mwezi wa saba sasa. Shuka likabaki na ncha moja.

Tangu hapo Mzee alikunja na yeyote aliyeazimwa kutoka chumba cha pasi. Leo huyu, kesho yule. Kazi ilisogea kwa kuchechemea.

Jumatatu moja meneja aliwaita wote uani. Meneja mwenyewe alikuwa binti wa mwenye kiwanda, amekulia humo humo, utotoni akilazwa ndani ya makapu ya nguo. Alibandika karatasi ukutani, imechorwa visanduku vitatu.

"Kufua, pasi, kukunja," alisema. "Kila idara itakuwa na kiongozi wake. Kiongozi atachagua watu wake na kuwafundisha mwenyewe. Mambo ya kuazimana watu yamekwisha."

"Na sukari je, tutaendelea kuazimana?" aliuliza Mama Pasi, mkubwa wa chumba cha pasi. Watu wakacheka.

Walipotawanyika, meneja alimbakisha Mzee.

"Mzee wangu, kisanduku chako kina mtu mmoja. Gari la hospitali linakuja Ijumaa saa sita mchana. Nataka mzigo wao ukunjwe na watu wawili uliowafundisha wewe, na wewe usiguse. Ukishindwa, idara ya kukunja nitaiunganisha na ya pasi."

"Na mimi?"

"Wewe utapumzika."

"Nipumzikie wapi?"

"Nyumbani, mzee wangu. Umefanya kazi sana."

Nyumbani kulikuwa na vikombe viwili na mnywaji mmoja.

Jumanne walikuja watu wanne kutafuta kazi. Meneja alimpa Mzee fomu yenye maswali ya kuwauliza. Mzee hakujua kusoma. Aliikunja mara nne, akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba. Meza ikatulia.

Usaili wake ulikuwa mmoja. Alimpa mtu ncha ya shuka, yeye akashika nyingine, wakakunja. Hakuuliza umesoma wapi. Alivuta kidogo, akasikiliza mkono wa mwenzake unasema nini.

Wa kwanza alivuta kama anaburuta ng'ombe. Mzee akamshukuru, akamwonyesha mlango. Wa pili alikuwa mbeba mizigo wa sokoni, mtu mzima mwenye mabega ya kubebea magunia, lakini vidole vyake vilikuwa vipole. Shuka lilikaa sawa mara ya kwanza. Huyo alibaki. Wa tatu, msichana mwenye cheti cha chuo cha hoteli, naye shuka lilikaa. Akabaki.

Wa nne alikuwa mwanamke aliyewahi kushona magunia kiwandani. Shuka lilijisokota kama kamba. Wakarudia, likajisokota. Mara ya tatu, vilevile.

"Mama, mkono wako hausikii," alisema Mzee.

"Unasikia, baba. Shuka lako ndilo kiziwi."

Hata hivyo alimrudisha. Mwanamke aliinama kwenye daftari la mlangoni, akaandika namba yake ya simu, endapo atahitajika. Mzee alimwona akiandika. Kulikuwa na kitu katika kule kuandika, lakini kilimpita.

Jumatano akawaweka mbeba mizigo na msichana wa cheti, uso kwa uso. Hapo ndipo aliposhangaa. Kila mmoja alikuwa amekunja naye vizuri. Wao kwa wao, shuka lilisokotana tangu asubuhi hadi jioni.

"Wewe ndiye unayenigeuzia," alisema msichana.

"Mimi nageuza nini? Nimefundishwa hivi hivi."

"Na mimi nimefundishwa hivi hivi!"

Mama Pasi alichungulia mlangoni. "Jamani, mnakunja au mnasuka nywele?"

Mzee aliketi juu ya kapu. Alikumbuka yeye na mkewe walivyoanza. Shuka lao lilijisokota hivyo hivyo miezi mitatu, hadi wakanuniana mezani. Kisha siku moja likaacha kujisokota, hakujua kwa nini. Miezi mitatu. Naye alikuwa na siku mbili. Jioni msichana alisema amepata nafasi hotelini, hatarudi. Hakumlaumu.

Alhamisi asubuhi binti yake alipita nyumbani, kama kawaida yake, kumfulia kabla hajaenda kazini. Walitoa kwenye kamba shuka lililofuliwa jana, kila mmoja akashika ncha, likakunjika safi.

"Baba, wewe si unatumia mkono wa kulia?"

"Tangu nizaliwe."

"Mbona shuka unalikunja kwa kushoto?"

"Nakunja kwa kulia."

"Haya, tukunjue turudie. Utazame mikono yako."

Alitazama. Binti yake alipeleka mkono wa kulia. Na mkono wake yeye, bila kuagizwa, uliinuka ule wa kushoto ukaenda kukutana nao. Alisimama na shuka kifuani.

Watu wawili wakitazamana, kulia kwa huyu ni kushoto kwa yule. Wote wakitumia kulia, kila mmoja anavuta upindo wake, shuka linasokotana. Lazima mmoja atoe mkono wa kushoto. Katika ile miezi mitatu mkewe hakukubali kutoa. Aliyetoa alikuwa yeye, wala hakujua kama ametoa. Miaka ishirini na miwili mkono wake ulikuwa ukimfuata mkewe, na hata sasa bado ulikuwa unamfuata.

"Baba, unalia?"

"Nacheka," alisema. Yote mawili yalikuwa kweli. Kisha akakumbuka lile daftari. Yule mwanamke alishika kalamu kwa mkono wa kushoto.

Hakunywa hata chai. Alifika kiwandani akipumua kwa mdomo, akamwekea Mama Pasi daftari mbele. "Nisomee namba ya mwisho hapo. Nipigie."

Mwanamke alikuja kabla ya saa tano. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Juzi uliniambia sisikii."

"Juzi sikuwa nakunja na wewe."

"Ulikuwa unakunja na nani?"

Mzee alimwambia. Kwa maneno machache, maana hakuwa na mengi. Mwanamke akafunga kitambaa chake vizuri kichwani.

"Haya," alisema. "Nipe shuka."

Mzee akampa, na ncha nyingine akampa mbeba mizigo. Mkono wa kulia ukaja, wa kushoto ukaupokea. Shuka likalala juu ya meza kama maji. Mbeba mizigo alitazama vidole vyake. "Kumbe sikuwa mjinga," alisema.

"Bado ni mapema kusema," alijibu mwanamke.

Siku nzima Mzee aliwafundisha yaliyobaki: kukung'uta kabla ya kukunja, kusimama miguu imeachana, kushusha pumzi pamoja, kuweka alama ya hospitali juu. Kufikia jioni walikuwa wakibishana habari za mpira huku mikono ikienda yenyewe.

Ijumaa alikaa juu ya kapu, mikono ameikalia asije akaingilia. Meneja alisimama dirishani. Dereva wa hospitali alipopiga honi, toroli lilikuwa limekwisha jaa, mashuka yamenyooka ukingo kwa ukingo.

Meneja alikwenda ukutani na kalamu, akaandika kitu katika kisanduku cha tatu.

"Umeandika nini?"

"Jina lako. Na chini yake: mwalimu. Wiki ijayo nataka jozi ya pili."

"Ulizia na wenye mkono wa kushoto," alisema Mzee. "Wengi wamerudishwa bure."

Mbeba mizigo alikuwa anasukuma toroli nje. Juu ya meza lilibaki shuka moja, la hoteli. Mwanamke akashika ncha, akamnyooshea Mzee nyingine.

"Njoo, mwalimu."

Alishika. Mkono wa kushoto ukainuka. Shuka likajisokota.

"Kulia, baba."

"Najua."

"Wewe unajua. Mkono haujui."

Mama Pasi alikuwa mlangoni akitazama. Wakakunjua. Mara ya pili, vilevile. Mara ya tatu Mzee aliuweka mkono wa kushoto utulie kwanza, taratibu, kama mtu anayemwambia mwenzake abaki kidogo. Kisha akapeleka wa kulia.

Likakaa sawa.

"Lingine," alisema, na kugeukia kapu.