Namba Nyekundu za Baba Mdogo

Baba yangu huitwa Unywele, na wengi wanaomwita hivyo hawalijui jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi wa mashine ya kukereza chuma, na sifa yake ilikuwa kupunguza chuma kwa upana wa unywele mmoja na kuishia hapo hapo. Kichwani kwake hana hata mmoja. Mama husema zote zilimwishia kazini.

Mimi ni fundi cherehani. Mambo ya chuma nimeyajua kwa sababu nyumbani kwetu hayakuwa na mapumziko. Tulikula nayo, tukalala nayo. Mashine ile hukizungusha chuma, na kisu kilichofungwa kando hukimenya, kama mtu anavyomenya chungwa. Fundi huzungusha gurudumu dogo la mkono ili kukisogeza kisu, na kwenye ukingo wa gurudumu kuna mistari ya kumwambia amesogea kiasi gani. Sasa, chungwa likimenywa linapungua upande huu na upande wa pili pia. Kwa hiyo walioitengeneza mashine ya Baba waliichora mistari ikiwa imeshazidishwa mara mbili. Ukipita mistari minne, shafti, yaani kile chuma cha mviringo kinachomenywa, inapungua milimita nne, ingawa kisu chenyewe kimeingia mbili tu. Liweke hilo kichwani, maana ndilo lililotuvunjia undugu.

Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu. Skrubu ya ndani ilikuwa imelika, na gurudumu lilikuwa na kile mafundi wanachokiita plei: unazungusha, mistari inapita, kisu hakijatikisika. Yaani gurudumu lilidanganya mchana kweupe. Baba aliujua uongo wake wote kama mke anavyoujua wa mumewe. Alirudisha nyuma kupita kiasi, akaja mbele taratibu, akatega sikio, akaongeza kidogo. Hakuna mwingine pale karakanani aliyeiweza mashine ile, na jambo hilo lilimfurahisha kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Fundi asiye na mbadala hulala usingizi mzuri.

Mdogo wake wa pekee, Baba Mdogo wangu, alikuwa fundi redio. Alikuwa na kibanda mtaa wa pili na kila Jumapili alikuja kula kwetu. Mtu mpole, mwembamba, mwenye mazoea ya kusemesha redio mbovu kama mganga anayemuuliza mgonjwa panapouma. Kwa kitu kilichoharibika alikuwa na subira isiyo na mwisho. Mimi sina subira hiyo. Cherehani yangu ikikata uzi mara mbili naitukana.

Jumapili moja alitoa mfukoni kalipa iliyovunjika, kifaa cha kupimia upana wa chuma, ile ya kidijitali yenye kidirisha cha namba, akaiweka mezani kando ya sahani.

"Kaka, hii ndani yake ina rula inayojua ilipo," alisema. "Tukiifunga rula kwenye mwili wa mashine, na kichwa chake tukakifunga kwenye kisu, haitajali skrubu imelika au haijalika. Itapima kisu chenyewe."

"Wewe tengeneza redio," Baba alisema huku anatafuna. "Chuma hakina stesheni."

Tulicheka wote, hata yeye. Lakini bosi wa karakana alipolisikia jambo hilo, akalitaka. Alikuwa amechoka kuwa na mashine inayomtii mtu mmoja. Basi Baba Mdogo akaanza kazi. Namba za kalipa zilikuwa ndogo kama za saa ya mkononi, naye hakuridhika nazo. Akatafuta saa kubwa ya ukutani, ya dukani, iliyokufa, akazing'oa namba zake nyekundu na kuziunganisha na rula ile kwa nyaya. Akaziweka ndani ya boksi la bati lenye kioo mbele. Ukiwa mlangoni mwa karakana ungezisoma.

Baba alipokiona kioo kile mara ya kwanza, akakunja uso. "Namba kubwa hivi za nini? Umeniona kipofu?"

"Mwanga wa humu hafifu, kaka," Baba Mdogo alijibu.

Mwanga haukuwa na neno. Siku za karibuni alikuwa amemwona Baba akiichukua kalipa na kwenda kuisomea mlangoni, kwenye jua, na akirudi anajifanya alikwenda kutema mate. Alimwambia Mama, lakini Baba hakumwambia, kwa kuwa alimjua. Badala yake akamtengenezea namba kubwa.

Halafu akasema neno ambalo Baba mwenyewe ndiye aliyekuja kunieleza, miaka mingi baadaye, maana siku ile walikuwa wawili tu. Alisema, "Kaka, kioo hiki kinahesabu mwendo wa kisu. Kisu kikienda mbili, kitasema mbili. Gurudumu lako lingesema nne. Nipe siku chache nikuwekee swichi ya kuzidisha, uchague mwenyewe."

Na Baba akamjibu, "Usinifundishe hesabu za mashine niliyoizeekea. Funga kioo, mengine niachie mimi."

Kwa siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Baba aligawa kwa mbili kichwani na kazi zikatoka safi, akaanza hata kukisifia kioo, kwa kunung'unika. Kisha ikaja shafti ya pampu ya maji ya hospitali. Ilikuwa ya chuma kigumu kilichosubiriwa muda mrefu, na hapakuwa na kipande kingine. Ilibaki kupunguza milimita nne za mwisho. Baba akamenya kidogo kidogo, macho kwenye kioo, na akili yake ikarudi yenyewe ilikozoea kukaa, kwenye gurudumu. Akaenda mpaka namba nyekundu zikasema nne. Shafti ilikuwa imepungua nane.

Fundi yeyote angepima kwa kalipa katikati ya kazi, na kosa lingekamatwa mapema. Baba hakupima. Kalipa ilikuwa na mistari myembamba, nayo alikuwa haioni tena sawasawa, na watu walikuwa wamesimama karibu. Aliona heri kukosea kuliko kuonekana akienda mlangoni.

Shafti ilipojaribiwa ilicheza ndani ya beringi kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake. Bosi akaja. Baba Mdogo akaitwa kutoka kibandani kwake, akaja mbio na bisibisi bado iko mkononi. Mbele ya watu wote Baba akasema, "Nilisema mimi. Huyu anajua nyimbo, hajui chuma. Kioo chake kimenidanganya."

Baba Mdogo angeweza kusema maneno mawili tu, *nilikwambia kaka*, na bosi angeelewa. Hakuyasema. Alimwangalia kaka yake, akasema, "Pole, kaka." Akafungua skrubu za kioo moja moja, akakifunga katika shati alilokuwa amelivua ili lisichafuke, akaondoka na fulana. Hospitali ikachota maji kwa ndoo mpaka chuma kingine kikapatikana, na Baba akaikereza shafti ya pili kwa gurudumu lake la zamani, kwa kusikiliza na kubahatisha, ikatoka bila dosari. Hapo ndipo kila mtu alipoamini kwamba kosa lilikuwa la kioo. Nadhani hata Baba alijiaminisha.

Angeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini ulimi hauna mfupa, na wa baba yangu ulikuwa pia na wasikilizaji. Alibuni mzaha. Alishika spana mbele ya mdomo kama kipaza sauti na kutangaza kwa sauti nzito: "Hii ni idhaa ya shafti nyembamba, ikikujia moja kwa moja kutoka mtaa wa pili." Watu karakanani walivunjika mbavu. Akauleta mzaha mpaka nyumbani. Mama peke yake hakucheka.

Jumapili iliyofuata Baba Mdogo hakuja kula, wala nyingine. Mama alikuwa na usemi wake kwa mambo hayo: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Akachukua jembe kweli, hakumlaumu Baba wala hakumtetea. Ila kiti cha Baba Mdogo alikifuta vumbi kila Jumapili, kwa miaka, na kapu hakupata siku ya kulitumia.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Macho ya Baba yaliendelea kufa, naye akaendelea kuyaficha. Alikereza kwa sikio na kwa kidole. Alijua kisu kimegusa kwa mlio, alijua ulaini kwa ukucha. Mtu mgeni angemwona bingwa. Lakini vipimo havisikiki, na kazi zikaanza kurudi, bomba moja leo, puli moja kesho. Tulipompeleka kwa daktari, tuliambiwa ni presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakirudi, kinachowezekana ni kulinda kilichobaki. Baba aliuliza kimebaki kiasi gani, kama anayeuliza urefu wa nondo. Daktari akamjibu kwamba si haba, akampa matone ya macho.

Bosi alikuwa muungwana kwa namna yake. "Fundi," alimwambia, "mpaka mwisho wa mwezi. Ukipata njia ya kuviona vipimo vyako, mashine ni yako mpaka utakapochoka mwenyewe. Usipopata, nitampa mwingine."

Baba alikaa siku nzima sebuleni ameshika fimbo asiyoihitaji bado. Jioni akaniita. Ndipo aliponieleza habari ya swichi, na hesabu, na kwa nini hakupima. Alieleza kwa utaratibu, kama mtu anayepanga vifaa mezani. Nilikasirika kiasi kwamba nilitoka nje nikasimama uani. Niliporudi akasema, "Namba zile zilikuwa kubwa. Nipeleke kwa mdogo wangu."

Njia nzima nilimsema. Nilimwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini yeye alikataa la mdogo akavunjika macho. Alinishika bega na kuhesabu makalvati ya mtaa kwa miguu yake.

Kibanda cha Baba Mdogo hakikuwa tena cha redio. Palining'inia makava ya simu ya rangi zote, chaja na visikizi, na hapakuwa na kitu chochote kilichofunguliwa. Sikuona hata bisibisi. Alikuwa amenenepa kidogo na nywele zimeota mvi. Alipotuona aliinuka.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," Baba alisema. Nilimtafutia kiti. Alipokwisha kukaa akasema, akielekea ilikotoka ile sauti, "Siku ile ya shafti, kosa lilikuwa langu. Uliniambia nikakataa. Halafu nikakutupia wewe."

"Najua, kaka."

"Najua unajua. Nimekuja ili nilisikie likitoka mdomoni mwangu mwenyewe." Akapapasa meza iliyokuwa mbele yake. "Hutengenezi tena redio?"

"Niliacha. Nikifungua kitu nilikuwa naisikia ile sauti ya kutangaza. Mkono unasita. Fundi akisita si fundi." Aliyasema hayo bila chuki, kama anayeeleza kwa nini alihama nyumba. "Kava la simu halihitaji kutengenezwa."

Baba akainamisha kichwa. Kisha akaeleza habari ya macho, na ya bosi, na ya mwisho wa mwezi, akauliza kama lile boksi la bati lilitupwa. Baba Mdogo akaingia nyuma ya pazia, tukamsikia akisogeza makatoni, akarudi na kitu kilichofungwa katika shati ambalo nililikumbuka. Akakifungua juu ya meza. Akamshika Baba kidole, akakiweka ubavuni mwa boksi.

"Hii hapa ni swichi," alisema. "Huku, mwendo wa kisu. Huku, upana wa shafti. Ukiiweka huku kitasema kama gurudumu lako."

Baba akaisukuma swichi upande huu, akairudisha. Ililia tik, tik. "Uliiweka lini?"

"Wiki ile ile."

"Sasa mbona hukuniletea?"

"Nilikuletea, kaka. Nilifika mpaka getini. Ulikuwa unatangaza."

Baba alilia. Sikuwahi kumwona akilia, hata alipomzika mama yake. Alilia kidole kikiwa bado juu ya swichi, na Baba Mdogo akasimama kando yake, hajui aweke wapi mikono yake.

Baadaye Baba akajifuta uso kwa kiganja. "Kiwashe," alisema. "Labda bado tuna nafasi. Kiwashe tukione."

Baba Mdogo akachomoa chaja iliyokuwa kwenye soketi, akachomeka kioo. Kilisita, kisha namba zikawaka zote, kubwa, nyekundu, hazikufa hata moja. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya kibanda na nilizisoma bila taabu. Akaisogeza rula kwa kidole, zikakimbia, akaiacha, zikatulia.

"Soma, kaka."

Baba akasogea. Akasogea tena, mpaka pua ikakaribia kugusa kioo na uso wake wote ukawa mwekundu. Akageuza jicho la kulia, akageuza la kushoto. Tukangoja.

"Ni nyekundu," alisema.

Baba Mdogo akaniangalia, nami nikaangalia kwingine. Kisha akavuta kreti, akaketi bega kwa bega na kaka yake, akaishika tena rula na kuisogeza polepole, akaanza kumsomea namba.