Atuganile na sanduku linalowafundisha wakutubi kuitikia hodi

Saa mbili kasorobo asubuhi, Atuganile Mwaijande anaivuta meza yake kutoka mlangoni. Jana jioni aliiona imekaa vizuri, leo amefika akaona imekaa kikarani. Anaisukuma mpaka ukutani, anapanga mabenchi mduara, kisha anashika kiuno na kucheka peke yake.

"Utadhani ni siku ya sherehe ya sendofu yangu," anasema.

Katikati ya mduara, juu ya kigoda, lipo boksi la biskuti lililovishwa kitenge. Ndani mna kadi thelathini na mbili alizozitengeneza kwa miezi mitano. Leo wakutubi kumi na wanne wa maktaba ndogo za jamii, kuanzia Kigamboni mpaka Madale, wanakuja kuzijaribu hapa Buguruni. Wakizikubali, mradi unaozilea maktaba hizo utazichapa na kuzigawa kote. Wakizikataa, fedha za mafunzo zinarudi kwa wafadhili mwisho wa mwezi, na kila mtu ataendelea na mtindo wake wa zamani.

Atuganile ana miaka arobaini na mmoja. Alitoka Tukuyu na cheti cha ukutubi na masikio yaliyozoea utulivu, akapangiwa chumba nyuma ya soko la Buguruni, mahali ambapo hata usingizi unahitaji kupaza sauti. Huu ni mwaka wake wa saba. Posho yake ni shilingi laki tatu na nusu kwa mwezi, na mvua kubwa zikianza huzifunika rafu kwa turubai kabla hajavua viatu. Hayo huyataja akiulizwa tu. Linalomtoa kitandani ni watu.

"Maktaba isiyo na watu ni stoo ya karatasi," anasema. "Na mie najua, maana niliwahi kuwa mtunza stoo."

Hatanii. Miaka yake ya mwanzo alitundika bango la KIMYA kwa herufi nyekundu, akaweka meza mlangoni na daftari juu yake, akasubiri wasomaji. Siku nzuri walifika tisa, wengi wao wanafunzi waliokimbia jua.

Ndipo akaja Bi Ahlam. Mama huyu, ambaye sasa ana miaka sitini na tisa, ni wa ukoo unaouza viungo sokoni hapo tangu enzi za babu yake. Siku hiyo mumewe alikuwa ameambiwa ana kisukari, naye alitaka kujua ampikie nini. Alifika, akavua kandambili zake kama mtu mwenye adabu zake, akabisha hodi. Atuganile akainua kichwa, akaweka kidole mdomoni na kumwonyesha bango. Ikaja hodi ya pili, kidole tena. Ya tatu ilipokosa jibu, Bi Ahlam alivaa kandambili zake akaenda zake.

"Mie nikajua kaelewa," anasema Atuganile. "Nikarudi kwenye vitabu vyangu, roho nyeupe kabisa."

Wiki mbili baadaye alikwenda kununua iliki. Alitoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapimiwa. Kisha Bi Ahlam akasema, bila kupandisha sauti: "Mwanangu, nilikuja kwako nikabisha hodi mara tatu, nawe unanitazama. Nikajua sitakiwi, nikarudi."

Sheria hiyo haihitaji kufundishwa. Hodi ya tatu isipojibiwa, mstaarabu anaondoka. Atuganile mwenyewe alilelewa hivyo huko kwao, na nyumbani kwake hakuna abishaye hodi akakosa karibu. Ni kazini tu ndiko alikojifanya kiziwi, akaona ndio usomi.

"Niliona aibu mpaka iliki nikaisahau dukani," anasema.

Bango alilishusha jioni ileile. Kesho yake akafunga mlango saa nne asubuhi, akapita meza kwa meza sokoni akiuliza swali moja tu: ungependa kujua nini? Majibu yalijaa daftari zima. Leo siku ya kawaida huingiza watu sabini na ushei. Jumanne madereva wa bodaboda husomeana alama za barabarani kabla ya mtihani wa leseni, tena kwa kelele za kuweza kuezua bati. Alhamisi wazee hukutana na muuguzi kuzungumzia sukari na presha, na Bi Ahlam hakosi. Wanaotaka kimya wana chumba cha nyuma, chenye mlango unaofungwa.

Sifa zilimfikia Edgar, mratibu wa mradi, akamwomba aandike mafunzo kwa ajili ya wakutubi wengine. Hapo Atuganile akateleza tena. Aliandika kitabu cha kurasa arobaini na nane, lugha ya barua za ofisini mwanzo mwisho, wadau na ushirikishwaji kila mstari. Baada ya miezi mitatu alitembelea maktaba moja, akakaribishwa chai. Sufuria ililetwa ikiwa inafuka moshi, na ilipotuliwa mezani, aliona imekalishwa juu ya kitabu chake.

"Niliinywa chai. Ningefanyaje?" anasema akicheka mpaka machozi. "Na kitabu kilifaa, maana meza haikuungua."

Edgar alimpa nafasi ya mwisho. Atuganile alikaa akajiuliza ni kitu gani kilichomfundisha yeye, akakumbuka kwamba hakikuwa kitabu bali aibu. Kwa hiyo kila kadi ina picha na kisa kilichotokea kweli katika maktaba fulani. Muuza samaki kaingia na ndoo yake. Mama kaja na mtoto anayelia. Mzee hajui kusoma, na hataki ijulikane. Anayechota kadi haisomi na kuiweka. Anainuka na kuigiza mbele ya wenzake, kisha wote wanabishana.

Saa tatu mduara umejaa. Valerian, mkutubi wa Madale, amekaa mikono kifuani. Ana miaka hamsini na minane, amefundisha shule mbili kabla ya kustaafu mapema, na tangu salamu amekwisha kusema kwamba maktaba si kijiwe. Atuganile anamwomba aanze yeye. Anachota kadi ya juu, ambayo Atuganile ameipanga makusudi iwe ya kwanza, anaigeuza. Ni hiyo moja tu isiyoandikwa kisa: ina picha ya mlango, basi.

"Hii haina maneno," analalamika.

Anaambiwa akae mezani afanye kazi kama kawaida yake. Anafungua daftari, anaandika. Wengine wameombwa wasiseme neno.

"Hodi," inasikika sauti nje. Ni Bi Ahlam, aliyealikwa kuwa mgeni wa kadi hiyo. Valerian anainua macho, anaweka kidole mdomoni. Hodi ya pili, kidole kiko palepale. Ya tatu inakuja taratibu, kama imechoka, naye anaendelea kuandika.

Kisha zinasikika kandambili zikiondoka. Atuganile anashika ukingo wa benchi. Hili halikupangwa, Bi Ahlam alitakiwa asubiri mlangoni mpaka mjadala uanze. Valerian akichukia sasa na kubeba begi lake, wenzake watamfuata, na miezi mitano itakuwa imekwenda na maji.

Valerian anatazama mlango, anatazama kadi. "Kaenda wapi?"

"Kwake," anajibu Atuganile. "Hujamwitikia."

Mwalimu anaweka kalamu chini, anatoka. Dirishani wanamwona akimfikia Bi Ahlam mbele ya meza ya nyanya, akiinama kidogo. Maneno yao hayasikiki. Wanarudi wawili, kikapu cha mama kikiwa mkononi mwa Valerian. Anatangulia kuingia, anageuka, anasema kwa sauti ya darasani: "Karibu, mama. Karibu ndani."

Vigelegele vinapasuka. Furaha imewashika hata waliokuja na sura za Jumatatu. Valerian peke yake habanduki pale mlangoni.

"Kina mama wa kwaya walikuwaga wanakuja kwangu," anasema. "Wakaacha. Miaka mitatu nawaita wavivu wa kusoma." Anakohoa. "Kumbe mie ndo sikuwaitikia."

Adhuhuri Edgar anaomba mikono. Inanyooshwa kumi na mitatu. Wa kumi na nne, Eliaichi wa Kigamboni, anasema hanyooshi mpaka herufi ziongezwe ukubwa, macho yake si ya kisichana tena. Anaahidiwa, ananyoosha. Edgar anasaini fomu ya kuchapa masanduku arobaini, na Atuganile anamkumbatia Bi Ahlam kwa nguvu hadi mtandio unamtoka.

Tayari ana mpango wa sanduku la pili. Kila mkutubi atamletea makosa yake mawili, naye atayageuza kadi. La kwanza halikai tena Buguruni: Valerian amekataa kusubiri uchapaji, ameondoka nalo kwapani, kitenge na vyote, aanze nalo Jumatatu.

Mwisho wa mwezi ujao Atuganile anakusudia kupanda Madale bila kutoa taarifa.

"Sitakagua rafu wala daftari," anasema. "Nitavua viatu mlangoni, nibishe hodi, halafu nisikilize."