Tunajua Kuzikana

Mimi ni mzaliwa wa Kagera, askari wa zimamoto na uokoaji. Mtwara nililetwa na uhamisho ambao sikuuomba. Nilipofika sikumjua mtu hata mmoja, na kila nilipofungua mdomo sokoni, muuza samaki alishajua kwamba mimi ni mtu wa bara. Baadaye nilizoea. Nilizoea ugali wa muhogo, nikazoea joto, nikazoea kunyamaza adhana ikianza hata kama nilikuwa katikati ya maneno. Kimakonde tu ndicho kilichonishinda. Nilijua salamu zake, basi.

Ajali ilitokea asubuhi, katikati ya masika. Simu iliyokuja kituoni ilisema lori la abiria limetumbukia mtoni, huko vijijini upande wa Mpapura. Wengi wao walikuwa kina mama, wamejipanga nyuma ya lori na vikapu vyao vya unga na kuni, wanakwenda kijiji cha jirani kuhani msiba. Mto ule kiangazi ni mchanga mtupu, watoto wanauchezea mpira. Masika unakuwa kitu kingine. Juu yake kulikuwa na daraja dogo ambalo wanakijiji walikuwa wamelilalamikia mpaka wakachoka, nalo siku hiyo likameguka upande mmoja, lori likiwa juu yake.

Gari letu lilikwama kwenye tope kabla hatujafika. Tukashuka. Wenzangu walibeba mashine ya kukatia vyuma, wanaanguka na kuinuka, nami nikatangulia mbio pamoja na dereva wetu, Mmakonde wa Newala, mtu asiyepoteza neno. Tulipofika mtoni tuliwakuta watu wameshaingia majini muda mrefu, ndivyo nilivyoona mimi, kwa jinsi walivyokuwa wamechoka. Walitoka mashambani mwao jinsi walivyokuwa. Walifunga kamba za magunia ya korosho kwenye mti, wakashikana mikono wakafanya mnyororo, na walikuwa wametoa wengi, walio hai na wasio hai. Waliokufa walilazwa kwenye nyasi, wamefunikwa kanga. Hakuna aliyelia kwa sauti. Kazi ilikuwa haijaisha.

Mama mmoja alikuwa bado ndani. Mguu wake ulibanwa chini ya bodi ya lori, na maji yalimfika kifuani. Nilizunguka nikakaa nyuma yake, nikamwegemeza kifuani kwangu, nikamshika kidevu ili uso wake ubaki juu. Alikuwa mtu mzima, umri wa mama yangu au kumzidi kidogo. Mwanzoni tulisemezana kwa Kiswahili. Alinieleza kwamba hasikii tena maumivu ya mguu, na akaniomba nimfunike kichwa kwa sababu mtandio wake ulikuwa umechukuliwa na maji. Nilivua kofia yangu ya kazi, nikaona haifai, nikamwita dereva alete kanga. Alileta, akamfunga vizuri, kisha akabaki pale pale ameshika bodi ya lori kana kwamba angeweza kuiinua.

Maji yalipofika mabegani, Kiswahili kilimtoka. Alianza kusema kwa Kimakonde, polepole, akinigeuzia macho.

"Anauliza wewe ni mtoto wa nani," dereva akaniambia.

Nilitaja jina la baba yangu. Nilitaja na kijiji chetu, karibu na ziwa, jina ambalo pale mtoni halikuwa na maana kwa mtu yeyote. Dereva akamweleza. Yule mama akafikiri kidogo, akasema tena.

"Anasema kwenu ni mbali sana. Anasema toka majini, mama yako asije akaletewa habari."

Nilimwambia dereva amjibu kwamba sitoki. Sijui kama alimjibu. Nilipaza sauti kuita mashine, na kwa kweli niliwaona wenzangu wakiteremka ukingoni nayo, mgongo wa mmoja wao umejaa tope mpaka shingoni. Walikuwa karibu. Wimbi lilitoka juu mtoni na gogo ndani yake, likatusukuma sote kwenye chuma, na niliposimama tena mikono yangu ilikuwa bado imemshika, ila maji yalikuwa yamempita. Nilimvuta juu kwa nguvu zangu zote. Mguu haukuachia. Nilivuta mpaka dereva akanishika mkono akaniambia, "Afande, mwache. Sasa unamuumiza bure."

Wiki ile nchi nzima ilikuwa Mtwara. Salamu za rambirambi zilisomwa redioni asubuhi na jioni. Wakubwa walikuja na misafara yao. Shehe na padri walisimama jukwaa moja, kila mmoja akaomba kwa namna yake, na watu wakaitikia amina zote mbili. Mama yangu alinipigia kutoka Kagera, akasema kanisani kwao wamewaombea watu wa Mtwara kwa majina ya vijiji, ingawa mwinjilisti aliyataja vibaya. Nilipanda jukwaani na wenzangu, tukashukuriwa, tukapigiwa makofi. Msemaji alisema msiba huu umetukumbusha kwamba sisi ni wamoja.

Sikumwona kuwa mwongo. Nataka hilo lieleweke. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeona watu wakishikana mikono ndani ya maji bila kuulizana dini wala kabila, na yule niliyemshika alinionea huruma kama mtoto wake. Lakini nilikaa pale jukwaani, kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe, nikahesabu moyoni mambo ambayo umoja huo ulikuwa umechelewa nayo, nikakata tamaa kwa namna ambayo sikuwahi kukata tamaa kazini. Tunajua kuzikana. Kwa hilo sisi ni hodari, hakuna wa kutufundisha. Sanda inapatikana, sufuria zinapatikana, jembe la kuchimbia kaburi halikosekani. Mtu akiwa hai na anasema daraja limeoza, anakuwa mtu wa huko, wa kusini, wa porini, shauri yake.

Kisha nchi ikaondoka. Sisemi kwa ubaya, ndivyo ilivyo, palitokea habari nyingine. Kwenye kundi letu la simu la watu tuliosoma pamoja, yule yule aliyekuwa ametuma picha ya mshumaa wa rambirambi wiki ya msiba aliandika baadaye kwamba watu wa kule nao wanapenda kujazana kwenye malori. Nilianza kumjibu. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena, nikazima simu.

Kwenye kisomo cha arobaini cha yule mama, dereva alinichukua kwa pikipiki yake. Mume wa marehemu alitupokea barazani, mzee mwenye sauti ya chini, mkulima wa korosho na muhogo. Nilimwamkia, akanikalisha mkekani karibu naye. Watu walisoma, tukala ubwabwa. Wageni walipoanza kutawanyika alinigeukia.

"Mwanangu, wameniambia wewe ndiye uliyekuwa naye. Alisema nini?"

Nilimwambia. Nilimweleza habari ya mtandio, na ya kuuliza mimi ni mtoto wa nani, na kwamba aliniambia nitoke majini. Mzee alikunja na kukunjua ncha ya shuka yake. Akasema mke wake alizaliwa karibu na mdomo wa mto Ruvuma, na utotoni alimwona mtu akizama kwa kumfuata mwingine. Ndiyo maana hakupenda mtu aingie majini kwa ajili yake.

"Na wewe hukutoka," akasema.

"Sikutoka, baba."

"Basi alikufa ana wasiwasi na wewe."

Hakunilaumu. Alilisema kama anavyosema mtu jambo analolijua kuhusu mkewe. Lakini nililia pale mkekani, mtu mzima, mbele ya wageni, na yeye ndiye aliyenishika bega, yeye mfiwa.

Sasa masika mengine yamekaribia. Daraja liliwekewa magogo na udongo, na utepe mwekundu ambao jua limeupausha na upepo umeukata. Siku moja ya mapumziko nilikwenda peke yangu, bila sare. Lori lilikuja limejaa watu, kina mama na vikapu vyao. Nilisimama katikati ya barabara nikampungia dereva wake mkono. Nikamwomba asipite hapo na watu, mvua ya kwanza tu magogo yale yataondoka.

Hakukasirika. Mama mmoja ndiye aliyeinama kutoka juu, akaniuliza kwa upole, "Kaka, tusipopita hapa, tupite wapi?"

Nilitazama juu ya mto na chini ya mto. Njia nyingine hakuna. Nilisogea pembeni, lori likapita, magogo yakilia chini ya matairi yake.