Mama alininywesha mizizi wiki mbili sababu ya uvimbe wa shingo

Wakuu, hamjambo wote. Hii sikusimuliwa na mtu. Ni shingo yangu mwenyewe na niko nayo hapa Kitengela, mwenye shaka aje aiguse.

Miezi michache iliyopita nilitokwa na uvimbe nyuma ya shingo. Mdogo tu, kama njugu. Haukuuma. Kosa langu ni kumwambia Mama kwa simu.

Kesho yake asubuhi akafika kutoka Matasia na gunia. Si mfuko, gunia. Ndani kulikuwa na majani ya stafeli, mwarobaini, na magome na mizizi ya olkiloriti, ule mti Wamaasai wanatia kwenye supu. Akasema zote zinaua kansa, ameona WhatsApp.

"Mama, kwani nani amesema ni kansa?"

"Nyamaza unywe."

Nilikuwa na appointment ya daktari baada ya wiki mbili. Mama akasema hizo wiki mbili ni zake.

Wakuu, mwarobaini ni mchungu hadi masikio yanachezacheza. Kikombe kimoja nilikimwaga kwenye ua la mke wangu. Likakauka. Mpaka leo naulizwa.

Supu ya olkiloriti nayo ilinipa nguvu za ajabu. Niliosha gari la jirani bila kuombwa, nikapiga deki nyumba mara mbili, halafu nikagombana na jogoo. Mambo ya choo sitaeleza, kuna watu hapa wanakula.

Lakini nilimpa Mama heko kwa kitu kimoja. Kila aliponimiminia kikombe, alijimiminia chake pia, kikubwa kuliko changu.

"Ndio ujue si sumu," alisema. Nikaona kweli mama ni mama.

Siku ya daktari alikataa kubaki nyumbani. Tukaenda naye, chupa ya maji ya stafeli kwenye mkoba.

Daktari akanibonyeza, akanipiga picha, akasema ni mafuta tu yamekusanyika. Kinachonisumbua ni tumbo, na tumbo nimeliharibu na huo mchanganyiko. Nilicheka kwa furaha kama mjinga.

Mama hakucheka.

"Daktari, hata mimi niko na kitu. Hapa kwa titi. Tangu Krismasi. Lakini huyu kijana atoke kwanza."

Nikatoka. Nilikaa kwa benchi na ile chupa mapajani, nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Majibu yalikuja: ni kansa, ila bado haijaenea. Ameanza matibabu. Daktari alimwambia kabla ya kunywa mti wowote amuulize, basi sasa kila clinic anamsomea WhatsApp zote, moja moja, na foleni huko nje imenuna.

Funzo? Miti inaweza kuwa na dawa, mimi si mtaalamu. Uvimbe upeleke hospitali kwanza. Na mamako akianza kukunywesha mizizi, angalia kikombe chake.

Haya, nyinyi mmenyweshwa nini? Nasoma comments zote. Lakini kabla hujaandika, mpigie mamako.